Magofu ya Kanisa la Wharram Percy
Somo juu ya kuta na makaburi ya usharika ulioachwa

Mwezi huu tutajifunza habari za usharika mmoja wa mashambani, uliokuwako Uingereza tangu zamani sana, nao leo hauna mtu hata mmoja. Limebaki kanisa lisilo na paa, na mnara uliobomoka upande, na makaburi. Jina la mahali ni Wharram Percy, katika nchi ya Yorkshire. Hatukuuchagua usharika huu kwa sababu ya sifa kuu, maana hapakuwa na kiti cha askofu pale, wala mfalme hakuzikwa pale. Waliokaa ni wakulima tu. Tumeuchagua kwa kuwa wakulima hao hawakuandika neno lolote juu yao wenyewe, walakini kuta zao na mifupa yao imesomwa kwa uangalifu, kama vile mtu asomavyo kitabu, ukurasa baada ya ukurasa. Katika masomo hayo mna mambo yanayotupasa sisi nasi kuyafikiri.

Kabla ya kuendelea, yafaa walimu wasome kwanza Mwanzo 23, habari za Ibrahimu akinunua mahali pa kumzika Sara, na 1 Wafalme 21, habari za shamba la Nabothi. Sura hizo mbili zitatusaidia mbele.

1. Mahali penyewe

Nchi ile ni ya vilima vya mawe meupe ya chokaa. Kijiji kilikaa juu, penye uwanda wa kilima, nyumba zikifuatana mstari kwa mstari, kila nyumba na kiwanja chake. Kanisa lilijengwa chini bondeni, karibu na chemchemi. Leo mtu afikaye huko haoni nyumba hata moja ya wale wakulima. Aona majani tu. Lakini jua linapokuwa chini, asubuhi au jioni, misingi ya nyumba huonekana chini ya majani kama matuta ya shamba la viazi, na njia ya kijiji huonekana kama mfereji katikati yake.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa historia, jina lake Maurice Beresford, alifika huko akayatazama matuta yale. Baadaye akaungana naye John Hurst, mtaalamu wa kuchimbua mambo ya kale. Tangu mwaka 1950 hata mwaka 1990, kila mwaka wakati wa kiangazi cha Ulaya, walikusanyika watu, wenye elimu na wasio na elimu, wakachimba polepole. Hawakutafuta dhahabu. Walitaka kujua jinsi watu wa kawaida walivyoishi, maana vitabu vya siku zile vyataja wafalme na mabwana, lakini mkulima hutajwa tu anapodaiwa kodi au anapohukumiwa.

Kanisa lile liliitwa kwa jina la Mtakatifu Martin, askofu wa mji wa Tours katika Ufaransa, aliyefariki mwaka 397. Wasomaji wetu wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba mwaka 1483, akabatizwa kesho yake, nayo ilikuwa siku ya ukumbusho wa Martin huyo; ndiyo sababu akaitwa Martin.

Kanisa hili halikuwa la kijiji kimoja tu. Lilikuwa kanisa mama la vijiji vitano, yaani Wharram Percy, Raisthorpe, Burdale, Towthorpe na Thixendale. Kanisa mama ndilo lililokuwa na haki ya kubatiza na kuzika, na watu wa vijiji vyote walitoa zaka zao kwake. Kwa hiyo mtu alipokufa Thixendale, watu walimchukua mabegani juu ya vilima, mwendo wa saa nzima au zaidi, hata wakafika bondeni kwa Mtakatifu Martin. Katika nchi yetu pia mna sharika zenye mitaa iliyotawanyika; wazee wetu wanaujua uzito wa safari ya namna hiyo.

2. Jinsi kuta zinavyosema

Wachimbuaji waliichimbua ndani ya kanisa mpaka misingi ya kwanza. Chini kabisa waliona mashimo ya miti, nayo yaonyesha kwamba yawezekana kanisa la kwanza lilikuwa dogo, la mbao, katika karne ya 10. Kisha likajengwa kanisa dogo la mawe. Kisha likajengwa kubwa zaidi, lenye chumba cha washarika na mahali pa madhabahu.

Watu wakaongezeka, nafasi ikapungua. Basi wakafanya nini? Hawakulibomoa kanisa zima. Walitoboa ukuta wa upande wa kusini, wakajenga nguzo na matao, na nje yake wakaongeza ubavu wa kanisa, ili watu wengi wapate kusimama na kuona ibada. Hayo yalikuwa mwishoni mwa karne ya 12. Katika karne ya 13 wakafanya vivyo hivyo upande wa kaskazini. Kanisa likawa na kifua kipana, likiwa na mbavu mbili.

Lakini hawakukaa hivyo sikuzote. Watu walipopungua, mbavu zile zikawa mzigo. Paa lavuja, wala hakuna mikono ya kulitengeneza. Ndipo wakazibomoa, upande mmoja kwanza na wa pili baadaye, wakayaziba matao kwa mawe. Baadaye tena mahali pa madhabahu pakafupishwa. Hata leo, mtu akisimama nje ya ukuta, ayaona yale matao yaliyozibwa, umbo lake kamili ndani ya ukuta, kama mlango wa nyumba ambao wenyewe waliufunga kwa matofali.

Hapa tusimame kidogo. Ukuta huu ni daftari ya usharika. Tao lililofunguliwa lasema, "Mwaka huu tulikuwa wengi." Tao lililozibwa lasema, "Mwaka huu tulikuwa wachache." Wala hatupaswi kuwacheka wale wachache waliolipunguza kanisa lao. Kupunguza nyumba ili ile iliyobaki isianguke ni kazi ya watu wenye akili na upendo. Wenye aibu ndio wangaliacha paa zima liwaangukie kwa kuona haya kukiri kwamba wamepungua.

3. Kwa nini watu waliondoka

Watu wengi walizoea kusema kwamba tauni ndiyo iliyokimaliza kijiji. Ni kweli kwamba tauni kuu iliingia Uingereza mwaka 1348, na mwaka 1349 ikafika Yorkshire. Ilikuwa msiba mkubwa. Pengine theluthi moja ya watu wa nchi, pengine nusu, walikufa. Watu wa Wharram Percy nao walikufa. Walakini tauni haikukifuta kijiji. Zaidi ya miaka mia baada ya tauni bado moshi ulitoka katika nyumba zile, bado watu walilima, bado walibatiza watoto wao kwa Mtakatifu Martin.

Kilichokimaliza kijiji ni kondoo. Tauni ilikuwa imepunguza watu wa kufanya kazi, na mshahara ukapanda. Sufu ilikuwa na bei nzuri. Bwana wa ardhi akahesabu moyoni mwake: kulima kwahitaji watu wengi na jembe la kukokotwa na ng'ombe, kufuga kondoo kwahitaji mchungaji mmoja na mbwa wake. Basi shamba lililogeuzwa kuwa malisho lilimletea faida zaidi kuliko wapangaji wake. Ikafika yapata mwaka 1500, familia za mwisho zikaondolewa.

Twajuaje? Kwa sababu malalamiko yalienea Uingereza nzima, hata serikali ya mfalme ikaweka watu wa kuchunguza, wazunguke nchini na kuuliza ni nani aliyebomoa nyumba za wakulima. Katika uchunguzi huo likaandikwa jina la bwana wa nchi ile, Baroni Hilton, kwamba huko Wharram Percy alibomoa nyumba nne na kuyaondoa majembe manne. Nyumba nne tu! Ndizo zilizokuwa zimebaki. Tena uangalieni mwaka wake: ni mwaka 1517, mwaka ule ule Luther alipotoa hoja zake 95 huko Wittenberg. Wakati watu wa Ulaya walipoanza kubishana juu ya njia ya kusamehewa dhambi, karani mmoja wa Uingereza alikuwa akiandika habari za nyumba nne za wakulima.

Lakini nyumba zile hazikujengwa tena. Andiko lilikuja wakati watu walipokwisha kutawanyika. Twasoma habari za Nabothi, jinsi alivyokataa kuutoa urithi wa baba zake; naye Nabothi alikuwa na shamba lake mwenyewe. Wale wa Wharram Percy walikuwa wapangaji tu, hawakuwa hata na neno la kukataa. Usharika unaweza kumalizika bila vita, bila moto na bila mtu kuikana imani yake. Yatosha watu waondolewe katika ardhi. Kwa hiyo wazee wa kanisa wasidhani kwamba habari za mipaka ya mashamba na hati za viwanja ni mambo ya serikali peke yake. Ibrahimu alipotaka kumzika Sara, alizawadiwa ardhi kwa maneno matamu, akakataa. Alipima fedha mbele ya mashahidi, mpaka shamba na pango vikathibitika kuwa vyake. Alijua kwamba neno tamu husahauliwa, lakini mapatano ya mbele ya mashahidi hudumu.

Kijiji kilipokwisha, kanisa halikufa siku ile ile. Watu wa vijiji vingine waliendelea kushuka bondeni. Lakini navyo vijiji hivyo vikapungua kwa namna hiyo hiyo, isipokuwa Thixendale. Mwaka 1870 Thixendale ikapata kanisa lake yenyewe, na njia ya kwenda Wharram Percy ikaota majani. Katika karne ya 20 ibada za kawaida zikakoma kabisa, na mwaka 1959 upande wa mnara ukaanguka. Leo magofu yanatunzwa na shirika la English Heritage, na wageni huenda kwa miguu kuyatazama.

4. Watu walio chini

Katika uwanja wa kanisa wachimbuaji waliitoa mifupa ya watu 687. Wengi wao walikuwa watoto. Karibu wote walizikwa bila kitu cha thamani, wamelala chali, kichwa upande wa magharibi na miguu upande wa mashariki, kwa tumaini la kuamka wakilielekea jua lichomozalo. Baba wa watoto sita na mtoto wa siku mbili walilazwa kwa namna moja.

Yawezekana msomaji anauliza, Je, ni haki kuwasumbua wafu? Swali hili ni jema, tena ni la adabu. Twajibu hivi: kufukua kaburi kwa kutafuta mali, au kwa kumdhihaki mtu, ni uovu. Bali hawa walitolewa mmoja mmoja, kwa brashi na kwa mikono ya polepole, kila mmoja akaandikiwa namba yake, akatunzwa. Tena kwa njia hiyo watu wasiotajwa katika kitabu chochote wamepata kusikiwa.

Nao wamesema nini? Kwa kuipima mifupa ya watoto, wataalamu wamejua kwamba kina mama wa Wharram Percy waliwanyonyesha watoto wao mpaka umri wa karibu mwaka mmoja na nusu. Kwa maziwa hayo watoto wadogo walikua vizuri. Walipoachishwa ziwa, ukuaji wao ukarudi nyuma. Walikuwa wafupi sana wakilinganishwa na watoto wa Uingereza wa leo wenye umri ule ule. Wanawake wazee mifupa yao ilikuwa imepungua nguvu, kama ilivyo kwa bibi zetu. Wengine walikuwa na alama za kifua kikuu.

Yuko na mwanamume mmoja aliyeishi yapata mwaka 1000, wa umri wa miaka kama arobaini. Alipigwa kichwani kwa kitu kizito, mfupa ukavunjika na kuingia ndani. Mtu fulani mwenye ujuzi aliikata ngozi, akaviinua vipande vya mfupa, akaondoa kilichokuwa kikikandamiza. Na mfupa ukapona! Twajua hivyo kwa kuwa kingo zake zimelainika, kama kovu lililokauka. Aliishi muda mrefu baada ya hapo. Alikuwa mkulima tu, wala hapakuwa na hospitali. Lakini palikuwa na mganga mwenye mkono thabiti, na watu waliomlisha na kumwosha siku zote alipokuwa amelala. Jina la mganga halijulikani, wala la mgonjwa. Bali upendo wao umeonekana baada ya miaka elfu.

5. Hofu ya wafu

Sasa twafika penye jambo zito. Si mifupa yote iliyoonekana uwanjani mwa kanisa. Juu kijijini, katika mashimo kati ya nyumba, kulionekana vipande 137 vya mifupa ya watu, navyo ni vya watu wasiopungua 10, watoto na wazima, wanaume na wanawake, wa kati ya karne ya 11 na ya 14. Mifupa hiyo ina alama za kisu, hasa karibu na kichwa na shingo, tena imechomwa moto. Mwaka 2017 wataalamu walitoa taarifa ya uchunguzi wao. Walijiuliza kama hao walikuwa wageni waliouawa. Lakini meno yao yalionyesha kwamba walikulia mahali pale pale. Wakajiuliza kama ni kwa sababu ya njaa kuu. Lakini alama za kisu hazikukaa mahali ambapo mwenye kukata nyama hukata. Wakaona kwamba maelezo yanayofaa kuliko yote ni haya: watu wa kijiji waliogopa kwamba wafu hao watatoka makaburini na kuwadhuru, wakawakata na kuwachoma ili wasiondoke.

Hofu hiyo ilijulikana Uingereza siku zile. Mtawa mmoja wa Yorkshire, William wa Newburgh, katika karne ya 12 aliandika habari za maiti waliosemwa kwamba hutembea usiku, na jinsi watu walivyowafukua na kuwachoma.

Wapenzi, tulitafakari jambo hili vema. Mara nyingi imesemwa kwamba hofu ya wafu ni ugonjwa wa Waafrika, kana kwamba ulizaliwa katika nchi yetu na hauko penginepo. Sivyo. Hawa walikuwa Wazungu, waliobatizwa, wenye kanisa la mawe na padre wake, wenye kengele iliyosikika mpaka juu kijijini. Siku ya Jumapili walishuka bondeni wakasikia habari za ufufuo. Na usiku, mtoto alipougua ghafula au ng'ombe walipokufa, hofu ya zamani ikaamka, wakachukua kisu na kuni. Kati ya kanisa na mashimo yale ni mwendo wa dakika chache tu. Umbali huo mfupi ndio ambao kila mwalimu apaswa kuupima katika usharika wake mwenyewe.

Hatusemi haya ili tuwahukumu. Aliyefanya hivyo alikuwa na uchungu, tena alitaka kuwalinda watoto wake waliokuwa hai. Lakini hofu ilimfanya amtendee jirani yake, pengine ndugu yake, jambo ambalo asingalimtendea akiwa hai. Ndiyo desturi ya hofu: kwanza hutafuta mtu wa kulaumiwa, na asipopatikana miongoni mwa hai, hutafutwa miongoni mwa wafu. Sisi tunaosikia maneno ya ramli na ya wachawi twajua jinsi inavyoendelea. Mara nyingi haiishii kwa wafu, humgeukia bibi kizee mjane, wala hana wa kumtetea. Mtu anayewafundisha watu wasiwaogope wafu anawalinda walio hai.

6. Kuandika majina

Mwisho, tuliangalie jambo moja dogo la kazi. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila kanisa la Uingereza liwe na daftari, na ndani yake yaandikwe majina ya wabatizwa, na ya walioarusiwa, na ya waliozikwa. Amri ile ilikuja kwa watu wa kijiji cha Wharram Percy wakiwa wamekwisha ondoka kwa miaka kama arobaini. Wao wote waliotangulia, wale kina mama walionyonyesha, yule aliyepona kichwa, wale watoto, hata mmoja hana jina kwetu. Tumewaita kwa namba. Yalihitajika miaka arobaini ya kuchimba, na mizani, na vyombo vya wataalamu, ili tupate kujua yale ambayo mwalimu mmoja mwenye kalamu angaliyaandika kwa nusu saa.

Daftari ya usharika huonekana kuwa kazi ya kuchosha. Wengine huandika "mtoto wa Fulani" bila jina. Wengine huahirisha mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wamesahau. Tuwasihi walimu: andikeni siku ile ile. Andikeni jina la mtoto mchanga aliyekufa, kama mnavyoandika jina la mzee wa kanisa. Andikeni jina la mama, wala si la baba peke yake. Andikeni kijiji alikotoka, na mahali kaburi lilipo, mkitaja mti au jiwe. Mchwa hula msalaba wa mti, na mvua husawazisha udongo. Baada ya miaka ishirini ni nani atakayejua? Wala msiache uwanja wa makaburi bila mipaka inayojulikana na hati iliyoandikwa. Mungu awajua walio wake bila daftari. Sisi ndio tunaosahau, kwa hiyo sisi ndio tunaohitaji kuandika.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Jengo la kanisa letu lilipanuliwa lini, au lilipunguzwa lini, na kwa sababu gani? Ni nani katika wazee anayekumbuka?
2. Ardhi ya kanisa letu na ya makaburi yetu ina hati? Hati hiyo iko wapi, na mashahidi ni nani?
3. Katika usharika wetu, msiba wa ghafula ukitokea, watu hutafuta nini kwanza: faraja, au mtu wa kulaumiwa?
4. Hesabuni makaburi yasiyojulikana ni ya nani. Je, wako wazee wanaoweza kuyataja majina hayo kabla hawajaondoka wao wenyewe?

Swali la nne lisikawizwe. Yafaa lifanywe kwanza.